Uchochoro Hupimwa kwa Jeneza

Mvua ya juzi imeninyima usingizi wa mchana, na usingizi wa mchana ndiyo kazi pekee ninayoifanya kwa bidii. Si kelele za mabati; hizo nimezizoea kama mlevi alivyozoea kusemwa. Ni harufu. Maji yakishuka kati ya paa letu na paa la jirani, udongo wa kuta za zamani hulowa ukatoa harufu nzito, nusu ya chungu kipya, nusu ya kaburi lililochimbwa asubuhi. Na mtu akibandika mawese jikoni, harufu mbili zikakutana, basi mimi hapa dirishani narudi kuwa mtoto wa darasa la tatu, nimesimama uchochoroni, meno yangu yamezama kwenye mkono wa mtu mzima.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa ndani. Niliomaliza nao kidato cha nne wako Dar, wako Mwanza, mmoja yuko ng'ambo Kongo anauza vitenge, na kila akipiga simu ananiuliza, "Mwamini, bado uko nyumba ile ile?" Niko. Wao wamefika mbali, mimi nimefika dirishani. Lakini dirisha langu linatazama uchochoro, na anayetaka kuijua Ujiji asijichoshe na barabara ya lami. Akae hapa. Watu wote watapita mbele yake, wenye nia njema na wasio nayo, kila mmoja bega lake likikwangua ukuta.

Ninyi wa rika langu mnaijua mitaa yetu. Wazee walijenga kwa kufuata ndugu, hawakufuata ramani, na matokeo yake nyumba yetu haina mbele. Pande tatu tumepewa migongo ya nyumba za watu. Upande wa nne ndio uchochoro, kati ya ubavu wetu na ubavu wa nyumba ya Mzee Bakari, na mlango wetu uko mwisho wake kabisa, kama kizibo cha chupa. Ndiyo iliyokuwa njia yetu ya kisimani, ya shuleni, ya sokoni, ya ziwani. Hatukuwa na nyingine. Anayeuziba uchochoro ule ametuzika tukiwa tunapumua.

Baba alikuwa fundi cherehani, mwembamba kama uzi wake mwenyewe, na cherehani yake ilikaa mdomoni mwa uchochoro, pale unapotokea barabarani. Rafiki yake mkubwa alikuwa Mzee Sudi, mtunza jeneza la msikiti wetu, ambaye kwa mtu wa kazi ile alikuwa na mdomo mchangamfu kupita kiasi. Wawili hao waligombea maneno kama wengine wanavyogombea viwanja, na neno lililodumu kuliko yote lilikuwa hilohilo, uchochoro. Limetoka wapi?

"Limetoka kwenye maji," alisema Mzee Sudi. "Sikiliza mvua. Cho-cho-cho juu ya bati, halafu chorooo, yanashuka katikati. Wazee walisikia, wakaita."

"Limetoka kwenye kuchokora," Baba alimjibu na pini mdomoni. "Hupiti humo bila kitu kukuchokora. Msumari, pembe ya bati, jicho la jirani."

Hapo Mama, Muha wa milimani upande wa Kasulu, alipaza sauti kutoka ndani, kwenye kinu alimotwangia sombe, yaani kisamvu. "Kwetu hakuna neno hilo kabisa! Nyumba imekaa katikati ya migomba yake, jirani unamwita kwa ukelele, na njia ni inzira, basi. Nyie mmebanana kama dagaa kwenye gunia, ndiyo maana mkalazimika kuipa jina hewa iliyobaki."

"Na wewe Muha ukaifuata hewa hiyohiyo," Mzee Sudi alimchokoza.

"Nilidanganywa!"

Sekondari nilikuja kumpata mwalimu wa Kiswahili aliyeapa kwamba neno hilo ni ndugu wa kuchochea, kwa kuwa fitina zote hupitia huko. Kamusi ya shule ilinipa maana tu, asili ikaninyima. Mimi, baada ya niliyoyaona, sina ugomvi na yeyote kati yao. Ila Baba alikuwa na maana nyingine aliyoithamini kuliko asili. Alisema mtu akigombana na mwenzake amwachie uchochoro, yaani asimbane kila upande. Amwachie pa kutokea na aibu yake mkononi. Ilikuwa hekima nzuri sana. Ilikuja kujaribiwa akiwa na meno mawili pungufu.

Sasa huyo Mzee Bakari. Sisi watoto tulimwita Sangala, kwa yule samaki mkubwa wa ziwa letu ambaye akifungua mdomo hujui ataufunga na nini ndani. Alikuwa na mitumbwi ya dagaa, na mikono ambayo haikujua kukaa bure. Nilimwona kwa macho yangu, pale ufukweni wanapoanika dagaa, akimpiga baharia wake kwa kasia mpaka kasia likakatika, kisha akampiga tena kwa kosa la kuvunja kasia. Alimpiga teke mbuzi, akampiga mtu aliyemwonea huruma mbuzi. Mlango wake mwenyewe ulikuwa na alama ya ngumi, kwa sababu siku moja ulichelewa kufunguka. Tulipomsikia anaingia uchochoroni, kikohozi chake kikimtangulia, tulijibandika ukutani kama mijusi na kupumua kwa zamu.

Mwaka ule dagaa walitoka wengi, na Sangala akahitaji stoo. Mbele ya nyumba yake ni barabara, nyuma ni choo chake, upande wa pili ni nyumba ya dada yake, ambaye naye alikuwa na mikono. Akatazama upande wetu. Siku moja Baba alikwenda Kigoma mjini kupeleka sare za shule alizoshona, na aliporudi jioni na mtumba wa vitambaa kichwani, alikuta ukuta mpya wa tofali za kuchoma umetokeza ubavuni mwa nyumba ya jirani, umeingia katikati ya uchochoro, mrefu kupita kichwa cha mtu, udongo uliounganisha tofali ukiwa bado mbichi. Nafasi iliyobaki ilimtosha mtu akipita ubavu na kuvuta tumbo. Mtumba haukupita. Baba akautua.

Mimi na Mama tulikuwa mlangoni kwetu, upande wa ndani, tukimwona kupitia ule mwanya kama unavyomwona mtu kupitia mlango uliofunguliwa nusu. Sangala alikuwa amesimama karibu naye, anakagua kazi ya mafundi wake.

"Mzee Bakari, shikamoo," Baba alisema. Hata hapo aliamkia.

"Marahaba, fundi. Pita, si umefika?"

"Nipite wapi?"

"Ubavu. Wewe mtu wa uzi. Uzi hupita popote."

"Mimi nitapita," Baba akasema taratibu. "Na kitanda? Na mgonjwa? Na maiti je?"

"Kwani mna maiti?"

"Kila nyumba ina maiti, Mzee wangu. Haijalala tu."

Mafundi walicheka. Nadhani ni kicheko kile kilichotuponza, kwa maana Sangala aliweza kuvumilia kubishiwa lakini hakuweza kuvumilia kuchekwa. Alimshika Baba kola.

"Basi ya kwenu nitailaza mimi! Umesikia? Nitakutoa humu umelala, fundi, na nitakubeba mwenyewe!"

Watu waliozoea kuona ngumi za uwanjani hawajui ngumi za uchochoroni. Humo mkono hauna pa kuanzia. Ukiurudisha nyuma upate nguvu, unagonga ukuta. Kwa hiyo watu hupigana kwa vichwa, kwa magoti, kwa viwiko, na zaidi ya yote hupigana kwa kuta zenyewe. Sangala alimpiga Baba kichwa cha mdomo, nikasikia kitu kikikatika kama karanga. Kisha akamgandamiza shavu kwenye zile tofali mpya na kumburuza, polepole, kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Baba hakupiga kelele. Alitoa mlio mdogo wa kushangaa. Ukuta ulipakwa damu kwa urefu wa mkono wangu.

Mama alifika na mchi. Alipitaje ule mwanya na tumbo la mdogo wangu lilivyokuwa limemjaa, mpaka leo sijui. Aliuinua mchi ampige nao, mchi ukakwama, kichwa huku, mkia kule, kati ya ukuta wetu na ukuta mpya, ukabaki unaning'inia juu yao kama boriti. Muha wa milimani hakuwa na uzoefu wa vita vya mahali finyu. Lakini alijifunza haraka. Aliuchomoa, akaushika kama mkuki, akamsukumia Sangala wa tumbo, kisha wa tumbo tena, kisha pahali ambapo Mama mpaka leo anasema hakupakusudia. Sangala alijikunja na kukaa chini. Mafundi walimkokota kwake. Baba alitema meno mawili kwenye kiganja, akayatazama, akayatia mfuko wa shati kama mtu anayetunza vifungo.

"Yebabawe, wamekuua," Mama alisema, akimpangusa damu kwa upindo wa kanga.

"Bado," Baba alisema kwa mdomo uliovimba. "Kesho nitamwita Mzee Sudi. Alete kipimo."

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo mimi sikuelezwa, kwa kuwa hakuna aliyemweleza mtoto kitu siku zile. Kwetu uchochoro haukupimwa kwa futi ya fundi. Ulipimwa kwa jeneza. Mtu akijenga, akajenga vibaya, jirani alikuwa na haki ya kuliita jeneza la msikiti, tupu, likabebwa na watu wanne wakalipitisha kuanzia barabarani mpaka mlango wa mwisho. Likipita bila kugusa, mjenzi amejenga kwa haki na mlalamikaji anaomba radhi. Likigusa, ukuta unavunjwa. Hakuna aliyebishana na kipimo hicho, maana hakuna ambaye siku moja hatakihitaji.

Mimi nilichokijua ni hiki tu: Sangala alisema atamtoa Baba humu amelala. Nililala nalo neno hilo, nikaamka nalo, nikaenda nalo shule likanifanya nishindwe hata hesabu nilizozijua. Niliporudi mchana, Baba alikuwa amelala kweli, juu ya mkeka, uso umefunikwa kitambaa cha maji kwa ajili ya uvimbe. Mama alikuwa uani. Nikakaa mlangoni kumlinda. Na kutoka barabarani, polepole, juu ya mabega ya wanaume, nikaliona jeneza linaingia uchochoroni kwetu.

Mbele kabisa alikuwa Mzee Sudi. Mzee Sudi wetu! Rafiki wa Baba, mnywa kahawa yetu! Nikaona nimeelewa kila kitu: Sangala amemnunua. Walipita ubavu yeye na mwenzake penye ule mwanya, mkono mmoja mmoja wameushikilia mti wa jeneza juu ya vichwa, nikawakimbilia, na mkono wa Mzee Sudi uliokuwa huru ulipofika usawa wangu sikuuliza swali. Niliung'ata. Niliung'ata pale chini ya kidole gumba palipo na nyama, nikafunga taya kama nyoka.

"Ananila! Mwana huyu ananila! Fundi, amka, mwanao ananila!"

"Hajafa!" nilipiga kelele kupitia pembeni mwa mkono wake. "Baba hajafa! Lirudisheni!"

"Nani kasema kafa? Niachie, mwanaharamu, ninaleta kipimo!"

Sikumwachia. Nilionja damu yake, na ilikuwa na ladha ya kahawa, au labda nimeongeza kahawa baadaye. Akilitetea jeneza kwa mkono mmoja na kujitetea kwa mwingine, Mzee Sudi alilivuta mbele, na hapo likagusa. Mbao zililia kwenye tofali. Wale wawili wa nyuma, waliokuwa bado upande wa barabara, wakalishusha mpaka magotini na kusema kwa pamoja, kama watu waitikiao dua, "Limegusa!"

Kazi ingeishia hapo kama Sangala asingekuwa Sangala. Alitoka kwake kifua wazi, akaona jeneza ubavuni mwa nyumba yake, na mtu yeyote akiona hivyo moyo utamruka.

"Mmeniletea jeneza! Mnanitabiria kifo!"

"Ni kipimo, Mzee Bakari," mmoja alimwambia. "Limegusa. Utavunja."

Hapo ndipo alipofanya lile ambalo Ujiji ililisimulia miaka. Alirudi nyuma hatua chache, akaja mbio, akalipiga jeneza teke la matako, kwa mguu mzima, kama mtu anayesukuma mtumbwi majini. Alitaka lirudi lilikotoka. Lakini alikuwa amesimama upande lilikotoka. Teke lake lililiingiza. Jeneza likaruka mbele, likajikaza kati ya ukuta wetu na ukuta wake, likakwama kama lilivyokwama mchi, ila mara hii kwa kudumu.

Wale wawili walimvamia. Kulikuwa na vichwa, magoti na mkanda mmoja. Mmoja alimpiga Sangala kwa ndara, sijui kwa nini ndara, labda ndiyo iliyokuwa karibu. Sangala alimshika yule mwingine masikio na kumgongesha kwenye mguu wa jeneza mpaka paji likapasuka, na damu ikawa inadondoka kwenye mchanga. Mzee Sudi, aliyekuwa amefungiwa ndani pamoja nasi, alipigana kwa mdomo tu, lakini kwa mdomo alipigana vizuri. Mama alitokea na mchi wake, akatazama pa kupita. Njia ilikuwa moja, kutambaa chini ya jeneza.

"Mimi sipiti chini ya jeneza nikiwa hai," alisema, akakaa chini na mchi wake mapajani.

Basi tulikuwa tumezingirwa. Baba alikuwa ameamka na uso wake wa rangi mbili. Alilichungulia lile jeneza, akanichungulia mimi na kidevu changu chenye damu, akamchungulia Mzee Sudi anayenyonya mkono. "Mwamini," aliniambia, "umekula mgeni kabla hajakaribishwa?" Ndipo nilipoelewa kwamba hakuna atakayekufa, nikaanza kulia kwa sauti kubwa kuliko nilipodhani atakufa.

Walijaribu kulisukuma, halikwenda. Walijaribu kulivuta, halikuja. Watu walijaa barabarani. Fundi seremala mmoja alikuja na msumeno, Mzee Sudi akamkemea kupitia mwanya mpaka yule bwana akauficha mgongoni kama mwizi.

"Jeneza ni wakfu! Halikatwi! Kata mguu wako kwanza!"

"Basi ukuta," watu wakasema.

"Atakayegusa ukuta wangu namzika nao!" Sangala alisema, jicho moja limefumba. Na hakuna aliyegusa, maana sasa alikuwa ameshika panga la kukatia kuni, na kila mtu alijua kwamba huyo hasemi tu.

Jua lilikuwa limeanza kuelekea milima ya Kongo walipofika vijana wa Bi Zena. Bi Zena alikuwa mwanamke mzee aliyeuza mawese kwa kikombe mtaa wa pili. Hakuna jiko la mtaani kwetu ambalo hakulitia rangi. Alikuwa mgonjwa kwa muda, na alasiri ile alikata roho. Wanawe walikuwa wapakuaji wa mizigo bandarini, wanaume wenye mabega kama milango, na macho yao yalikuwa mekundu. Walikuwa wamekwenda msikitini kuchukua jeneza wakaambiwa halipo. Jeneza liko wapi? Liko uchochoroni, limekwama, linagombewa.

Mkubwa wao hakupiga kelele. "Mama yetu ameshaoshwa," alisema. "Ameshavishwa sanda. Yuko sakafuni anangoja. Nani amemzuia?"

Watu wakamtazama Sangala. Hakuna aliyemnyooshea kidole, haikuhitajika. Wale vijana wakamsogelea. Sangala aliinua panga, na yule mkubwa hakusimama, alizidi kuja tu, kifua mbele, mpaka ncha ikamgusa shati.

"Nichome," alisema. "Nichome tulale wawili, mimi na mama. Lakini jeneza ni moja, utatuchagulia nani atangulie."

Nilikuwa nimejilaza chini, nikiangalia kati ya miguu ya jeneza, kwa hiyo nilichokiona zaidi ni miguu ya watu. Niliiona ya Sangala ikirudi nyuma, kisigino kimoja baada ya kingine, mpaka ikagusa ukuta wake mwenyewe. Hakuwa na pa kwenda tena. Hapo nikasikia sauti ya Baba, mdomo umevimba, maneno yanapita kwenye pengo jipya la meno yakitoa filimbi.

"Mzee Bakari. Ukuta ni wako. Hakuna mwingine wa kuuvunja ila wewe. Wakiuvunja hawa, watakuwa wamekuvunjia. Ukiuvunja wewe, umempisha Bi Zena."

Alimwachia uchochoro. Mtu aliyemtoa meno jana! Mama alimtazama mumewe kwa jicho lililonifanya nidhani mchi ungebadili upande.

Sangala alitupa panga. "Nyundo!" alinguruma. "Nani ana nyundo? Ukuta wangu nitauvunja mwenyewe, siyo nyie mbwa!" Akaletewa nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, akaanza. Sijaona ukuta ukipigwa kwa chuki namna ile. Aliupiga kama alivyompiga baharia, akiutukana, akiutukania mama yake, vipande vya tofali vikiruka na kuwapata watu usoni. Watu walimwambia aanzie juu. Sangala hakuwa mtu wa kuanzia juu. Alipiga chini, kwenye kitako, kwa kuwa ndipo hasira ilipofikia. Na udongo ulikuwa bado haujakauka, kwa kuwa alikuwa amewaharakisha mafundi. Ukuta ulitikisika, ukainama kama mtu anayetaka kunong'ona jambo, ukamwangukia.

Jeneza liliachiwa palepale, likakaa chini kwa miguu yake minne, halina hata ufa. Sangala alikuwa chini ya tofali kuanzia kiunoni. Mlio alioutoa sikuwahi kuusikia kwa mtu wala mnyama. Walipoziondoa tofali, mguu wake wa kulia ulikuwa umegeukia pasipogeukia mguu, na mfupa mweupe ulikuwa umetoka nje kuangalia kilichotokea.

Vijana wa Bi Zena walilibeba jeneza lao wakaondoka bila kumtazama. Walikuwa na mama wa kuzika kabla jua halijazama. Aliyeinama alikuwa Baba. Alichana shati la sare alilokuwa analishona, jeupe, jipya, akaufunga ule mguu kwenye rula zake mbili za mbao, mkono wake ukiwa imara kama anapima suruali. Sangala alimtukana tangu mwanzo mpaka mwisho wa kazi. Mama alitoa mkokoteni wa kubebea maji, na pale nilipomwona akimshika Sangala kichwa kisigonge ubao, mchi ukiwa bado kwapani, nilishindwa kabisa kuwaelewa watu wazima.

Mguu ulipona kwa kupinda. Stoo haikujengwa tena. Kile kipande cha chini ambacho hakikuvunjika kilibaki, kimetokeza ubavuni mwa nyumba kama jino bovu, na bado kipo. Wageni hujikwaa hapo, sisi wenyeji tunaruka bila kutazama. Radhi hatukuombwa. Badala yake, kila asubuhi, miaka yote, kikohozi kilisikika upande wa pili wa ukuta, kisha sauti.

"Fundi! Bado hujalala?"

"Bado, Mzee wangu. Nakungoja wewe ulale."

"Utangoja sana."

Kilikuwa kitisho mwanzoni. Sijui siku gani kiligeuka kuwa salamu, kwa sababu hakuna aliyetangaza. Ninachojua ni kwamba asubuhi ambayo kikohozi hakikusikika, Baba alikwenda kumgongea mlango.

Baba amelala kabla ya mvua hizi kuanza. Aliumwa siku chache tu, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kusumbua. Lilipoletwa jeneza, lile lile la zamani, limepigwa rangi ya kijani, vijana wa mtaa walijipanga kulibeba, na wanawake tukabaki ndani kama ilivyo desturi, mimi mlangoni, mahali pangu. Ndipo kikohozi kikaja kutoka barabarani. Mzee Bakari sasa ni mfupi. Uzee umempunguza kama sabuni. Alikuja na mkongojo wake, akiuburuza ule mguu, akausimamisha mkongojo kwenye kile kisiki cha ukuta wake, akamwondoa kijana mmoja wa mbele kwa kiwiko, kiwiko kile kile.

"Mzee, hutaweza," kijana alisema. "Tuachie sisi."

"Nilimwambia nitamtoa humu amelala, nimbebe mwenyewe," alisema Sangala. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hakuyafuta, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa tayari umeshika mti wa jeneza. "Pisha, mbwa wewe."

Wakampisha. Jeneza likaingia uchochoroni likiyumba kwa mchechemeo wa Sangala, likainuka kidogo walipokiruka kile kisiki, likapita mpaka barabarani bila kugusa ukuta wa huku wala wa kule. Mimi nilisimama mlangoni, meno nimeyabana. Mara hii hapakuwa na wa kumng'ata.